Vali ya wazi au ya kufunga kwenye paa la vigae vya lami? Mafundi wawili wananichanganya

#1 Mjenga Polepole
Wakuu habari za humu.

Paa langu lina umbo la L. Vigae ni vya lami, vile vizito vya tabaka mbili. Upande mkubwa una mwinamo wa 6 kwa 12 (unapanda inchi 6 kwa kila inchi 12 za mlalo), upande mdogo 4 kwa 12, na pale pande hizo zinapokutana kwa ndani, yaani kwenye vali, ndipo penye ugomvi. Fundi wa kwanza anataka vali ya wazi: bati linalazwa kwenye kona, vigae vinaishia pembeni, bati linabaki linaonekana. Wa pili anataka ya kufunga: vigae vya upande mmoja vinavuka kona, vya upande mwingine vinalala juu yake na kukatwa kwa mstari mnyoofu, bati hulioni.

Wa kwanza anasema ya kufunga ni kuficha uozo. Wa pili anasema bati ni mambo ya kale na litaota kutu kabla vigae havijachoka. Kila mmoja ananiambia nikawaulize wateja wake. Nimsikilize nani, na kwa sababu gani? Halafu kuna mti mkubwa umeinamia kona hiyohiyo, na hautakatwa.

#2 Kaa la Moto
Nimevuta kiti. Hii lazima ifike kurasa tatu.

#3 Nyundo Nzito
Ya wazi, usiulize mara mbili. Hakuna sehemu ya paa inayobeba maji kama vali, maana inapokea ya pande zote mbili. Sasa unataka maji hayo yapite juu ya bati laini au juu ya kigae chenye punje, vile vijiwe vidogo vya juu yake? Panda kwenye paa la siku nyingi lenye vali ya kufunga, tazama pale katikati. Punje zimekwisha, lami nyeusi iko nje inapigwa jua, inakauka, inapasuka. Paa lingine zima bado lina uhai, vali imeshakufa.

Pili, majani. Kwenye bati yanateleza. Kwenye ya kufunga kuna ule ukingo wa vigae vilivyokatwa, una kimo chake, na kila jani linalopita linajishika hapo. La kwanza linamshika la pili. Msimu ukiisha unakuta udongo, na juu ya udongo mche umeota.

Bati upana wa inchi 24, kingo zikunjwe, inchi 6 za wazi kutoka juu mpaka chini. Kazi imekwisha.

#4 Bi Kenchi
Mzee Nyundo, shikamoo. La punje nakubali. Mengine nakukatalia kwa heshima zote.

Ya kufunga ikivuja, mara nyingi msumari ndio una kesi. Kazi yenyewe iko hivi. Felti ya kunata, ile karatasi ya lami ya kuzuia maji, upana wa inchi 36, inalazwa katikati ya kona moja kwa moja juu ya plaiwudi kabla ya kitu kingine chochote. Vigae vya upande wa kwanza vinavuka kona na kupanda upande wa pili angalau inchi 12, huku unavikandamiza kwa kiganja vikae kabisa kwenye kona, pasiwe na uwazi chini yake. Halafu upande wa pili unakuja juu, unapiga uzi wa chaki inchi 2 kabla ya kufika katikati, unakata hapo. Chini ya ukingo uliokatwa unapaka mastiki ya lami, ile gundi nzito ya kuziba. Na msumari usikaribie katikati, inchi 6 kila upande ziwe hazina kitu.

Mtu akifanya hivyo, kati ya maji na plaiwudi kuna tabaka tatu. Ya wazi ina mbili tu, bati na felti.

#5 Msumari Mmoja
Bi Kenchi, tatu umezihesabuje? Vigae vilivyokatwa havifiki katikati, umesema mwenyewe vinaishia inchi 2 kabla. Pale kwenye mkondo wenyewe kuna kigae na felti. Mbili kwa mbili, sare.

#6 Bi Kenchi
@Msumari Mmoja vigae vinavyovuka vinapandana vyenyewe kwa vyenyewe, safu juu ya safu. Chomoa popote katikati ya kona utakuta viwili. Viwili na felti ni tatu.

#7 Msumari Mmoja
Sawa, hapo umenibana.

Ila nirekebishe jambo moja kwa faida ya mleta uzi, maana mafundi wake wanaongea kana kwamba mmoja anavunja sheria. Kanuni za nyumba za makazi za Marekani (IRC), ambako vigae hivi vimejaa kuliko kwingine, zinakubali zote mbili. Ya wazi ikitumia bati, bati liwe na upana usiopungua inchi 24. Ya wazi inaweza hata kutumia roli mbili za lami zenye punje badala ya bati, ya chini inchi 18 na ya juu 36. Ya kufunga inaruhusiwa kwa roli laini ya inchi 36 chini yake, au hiyo felti ya kunata. Kwa hiyo hakuna mhalifu kati ya hao wawili.

#8 Mjenga Polepole
Asanteni. Tuseme nakwenda na ya kufunga. Upande upi utangulie kuvuka kona? Pande zangu hazilingani.

#9 Fundi Kobe
Utangulie upande mkubwa. Una maji mengi, kwa hiyo vigae vyake ndivyo vipite chini ya kona vizima bila kukatwa. Upande mdogo ndio ukatwe.

#10 Bi Kenchi
Kinyume chake, Kobe! Tafadhali usimpoteze mtu.

Fikiria maji yenyewe yanakotoka. Yale ya upande mkali yanashuka kwa kasi, yakifika katikati hayasimami, yanapanda kidogo upande wa pili kabla ya kugeuka. Kama upande wa pili ndio wenye ukingo uliokatwa, umeyafungulia mlango: yanapiga ukingo huo uso kwa uso na kuingia chini yake. Ndiyo maana upande wenye mwinamo mdogo au maji machache ndio unaotangulia na kuvuka. Upande mkali unakuja juu na ndio unaokatwa, ili maji yake yaruke kutoka kwenye ukingo na kutua juu ya vigae vizima. Yale ya upande mpole hayana nguvu ya kuvuka na kushambulia.

Kwa Mjenga: 4 kwa 12 itangulie, 6 kwa 12 ikatwe.

#11 Fundi Kobe
Mimi nimefanya hivyo nilivyosema miaka yote na wateja hawajanipigia.

#12 Kaa la Moto
Labda walishabadilisha fundi, mkuu 😂

#13 Hesabu Tu
Ngoja niongeze jambo ambalo watu wengi hawalipigi hesabu. Vali haina mwinamo wa paa. Inakata kwa mshazari, kwa hiyo inalala zaidi kuliko pande zote mbili.

Paa la 6 kwa 12 pande zote ni kama nyuzi 26.6. Vali yake ni nyuzi 19.5 tu. Paa la 4 kwa 12 ni nyuzi 18.4, vali yake 13.3. Kwa Mjenga, mwenye 6 upande mmoja na 4 upande mwingine, pande zikiwa zinakutana kwa pembe mraba, vali yake inatoka kama nyuzi 15.5, yaani 3.3 kwa 12.

Vigae vya lami havitakiwi chini ya 2 kwa 12, na kati ya 2 na 4 paa la kawaida linadai felti mbili. Sasa Mjenga ana paa lisilodai felti mbili popote, lakini sehemu inayopokea maji mengi kuliko zote ina mwinamo wa 3.3. Kwenye paa linalolala namna hiyo mimi ningemfuata Mzee Nyundo. Bati halijali kulala.

Na kiasi cha maji: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kama pande mbili zinazoingia kwenye kona zina mita 80 za mraba zikipimwa kwa chini, mvua ya milimita 50 kwa saa inaleta lita 4,000 kwa saa kwenye ule mkondo. Zaidi ya lita moja kila sekunde.

#14 Nyundo Nzito
Hesabu Tu, Mungu akuzidishie. Watu wanadhani tunabishana kwa ukorofi.

#15 Bi Kenchi
Hesabu ni nzuri, hitimisho siafiki. Kulala kwa vali ndiyo kazi ya ile felti ya inchi 36. Kama felti ya kunata ipo, 3.3 hainisumbui. Kama haipo, hata bati lako litakuaibisha siku maji yakipanda pembeni.

#16 Chaki Nyekundu
Mzee Nyundo, #3 umesema inchi 6 kutoka juu mpaka chini. Huo si utaratibu niliofundishwa. Juu inchi 6, halafu nafasi inapanuka inchi 1/8 kwa kila futi unayoshuka, kwa kipimo kingine kama sentimita moja kwa kila mita. Vali ya futi 16 inaanza na inchi 6 na kuishia 8.

#17 Nyundo Nzito
Hiyo ni ya nchi za barafu. Barafu ikishikana kwenye vali inahitaji nafasi ya kuteleza ikiyeyuka bila kubanwa na vigae. Pasipo na barafu unapanua ili iweje?

#18 Chaki Nyekundu
Barafu ni sababu moja. Nyingine ni kwamba maji yanaongezeka unavyoshuka: juu kabisa yanaingia ya futi moja, chini yanapita ya vali nzima. Mkondo unajaa, lazima upanuke.

#19 Msumari Mmoja
Mwalimu wangu alikuwa na ya tatu: vigae vikikatwa sambamba kabisa, jicho linaona kama vimebanana kule chini. Unapanua ili ionekane nyoofu. Chagueni.

#20 Kaa la Moto
Kwa hiyo barafu, maji au macho. Mimi nachagua macho, ndiyo yanayolipa fundi.

#21 Mpangaji Mvumilivu
Samahani kuuteka uzi, lakini naona wataalamu wamekusanyika. Nyumba ninayokaa ina vali ya kufunga. Doa la maji kwenye dari halipo chini ya kona, liko kama mita moja pembeni. Na ajabu yake, mvua kubwa ya kishindo ikipiga nusu saa, hakuna kitu. Ikija ile ya taratibu ya kutwa nzima, kesho yake doa limelowa. Kampuni iliyoezeka ilikuja, ikapaka mastiki juu ya mstari wote wa kona, ikaondoka. Doa bado lipo. Ni nini?

#22 Fundi Kobe
Msumari karibu na katikati. Wamepiga ndani ya zile inchi 6, maji yanafuata msumari.

#23 Bi Kenchi
Inaweza kuwa msumari, lakini umbali wa mita moja unanipeleka kwingine. Uliza kama zile pembe zilikatwa.

Kigae cha upande uliokatwa, baada ya kukatwa kwa mshazari, kinabaki na ncha kali pembe ya juu, ile iliyofichwa chini ya safu inayofuata. Fundi makini anachukua kisu anaiondoa ncha hiyo, kama inchi moja, kwa nyuzi 45. Asipoiondoa, maji yaliyojipenyeza chini ya ukingo yanakutana na ile ncha, inayakamata na kuyageuza. Badala ya kurudi kwenye kona yanaanza kutembea juu ya ukingo wa juu wa kigae, kwa mlalo, kimyakimya, mpaka yakute kiungo cha vigae viwili au msumari. Hapo ndipo yanaposhuka, na wewe chini unaona doa mita moja kutoka kwenye kona na unaapa kwamba kona haina kosa.

Na inaelekeana na mvua ya taratibu. Mvua ya kishindo inapita kwa kasi na kuondoka. Ile ya kutwa nzima ina muda wa kutambaa.

#24 Nyundo Nzito
Maelezo mazuri, ila mimi naona majani. Majani yaliyoshikwa na ukingo yanakaa kama sifongo. Mvua fupi hayalowi mpaka chini. Ya kutwa nzima yanajaa, yanashikilia maji dhidi ya ukingo saa nzima baada ya mvua kwisha. Mpangaji, kuna majani hapo juu?

#25 Mpangaji Mvumilivu
Kuna kidogo. Si rundo, lakini yapo kwenye sehemu ya chini ya kona.

#26 Nyundo Nzito
Nilisema.

#27 Hesabu Tu
Kidogo na upande wa chini tu, wakati doa liko wapi? Juu au chini ya yalipo majani? Kama doa liko juu yake, majani hayana kesi.

#28 Mpangaji Mvumilivu
Karibu na katikati ya urefu wa vali. Kwa hiyo juu ya majani, nadhani. Nitapima.

#29 Darini Kila Siku
Mmesahau kuuliza swali la kwanza: je, ni mvua kweli? Mimi kazi yangu ni kukagua dari. Siku ya mvua ya kutwa nzima ndiyo siku ya ubaridi, madirisha yamefungwa, watu wanapika na kuoga ndani. Mvuke unapanda. Nimekuta feni za bafuni zinazotoa hewa darini badala ya nje ya nyumba. Mvuke ukigusa plaiwudi baridi au ncha ya msumari iliyotokeza unakuwa matone, na kila tone linadondoka palepale. Ukiona ncha za misumari zina kutu na kila moja ina alama nyeusi ya duara kuizunguka kwenye mbao, huo ni mvuke. Vali haihusiki kabisa.

Kabla ya kulipa mtu mwingine, panda darini na tochi asubuhi ya baridi isiyo na mvua.

#30 Msumari Mmoja
Naongeza jaribio la bomba. Mmoja juu na mpira wa maji, mwingine darini na tochi. Anza chini kabisa ya vali, mwagia kwa muda wa kutosha, usipande mpaka uhakikishe pakavu. Ukianzia juu maji yatafika kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Usielekeze maji juu kama unaosha gari, mwagia kwa kufuata mwelekeo wa mvua.

#31 Chaki Nyekundu
Nami nina la kwangu. Mastiki waliyopaka juu ya mstari mzima ndiyo inayoweza kuwa imeharibu zaidi. Maji machache yaliyopita chini ya ukingo yalikuwa yanatoka kule chini. Sasa wameziba njia ya kutoka. Mastiki ya ndani, chini ya ukingo, ni kazi. Ya juu, iliyopakwa kwa kiganja baada ya mteja kulalamika, ni rangi ya kumnyamazisha mteja.

#32 Mpangaji Mvumilivu
Basi nina sababu tano na doa moja 😩 Asanteni, nitaanza na darini.

#33 Mjenga Polepole
Mpangaji usijali, uzi ni wa wote. Turudi kwa fundi wangu wa pili, anayesema bati litaota kutu. Ana hoja?

#34 Nyundo Nzito
Kutu ya nini? Tumia bati zito, piga misumari, paka mastiki kwenye vichwa, sahau.

#35 Hesabu Tu
Mzee wangu, leo nakugeuka. Bati usilipige misumari katikati kamwe. Metali inatanuka na kusinyaa. Chukua kipande cha alumini cha mita 3. Kati ya usiku wa baridi na jua la mchana juu ya paa, joto la bati linaweza kutofautiana nyuzi 50. Kipande hicho kinasogea karibu milimita 3.5. Shaba kama 2.5, chuma cha mabati kama 1.8. Ukikibana kwa misumari pande zote, kila siku kinavuta tundu lake. Tundu linakuwa refu, au bati linatuna katikati.

Shika kwa klipu kwenye ule ukingo uliokunjwa, au misumari kwenye ukingo wa nje kabisa ambayo kichwa chake kinakandamiza bati bila kulitoboa. Tumia vipande vifupi, cha juu kikipanda juu ya cha chini inchi 6 na zaidi. Usifunge vyote kuwa kipande kimoja kirefu.

#36 Bi Kenchi
Na kutu ipo ya aina mbili. Ya kawaida, zinki ikiisha juu ya mabati. Na ile ya metali mbili zisizopatana. Ukilaza shaba, hata maji yanayotoka kwenye shaba yakidondokea gata la mabati, yatalila gata. Alumini nayo haikai na shaba. Ukiamua metali moja, misumari na klipu ziwe za hiyohiyo.

Naona watu wanaokwenda kwa bati la rangi ya kigae ili lisionekane. Halafu wakati wa kukata vigae juu ya bati wanatumia kisu bila kuweka ubao chini. Mkwaruzo mmoja mrefu kwenye rangi na zinki, katikati ya mkondo. Hapo fundi wa pili atakuwa nabii.

#37 Nyundo Nzito
La kisu kweli. Mimi nakata kwa mkasi wa bati, kigae kikiwa kimeinuliwa kidogo. Polepole, lakini bati linabaki bikira.

#38 Kaa la Moto
Mzee lugha 😂

#39 Msumari Mmoja
Hakuna aliyesema juu ya bati lenye mgongo katikati. Kwa pande zisizolingana kama za Mjenga ndilo lenyewe. Ule mgongo wa inchi moja unaosimama katikati unazuia maji ya upande mkali yasivuke na kupanda chini ya vigae vya upande mpole. Shida aliyoieleza Bi Kenchi kwenye #10 inapatikana pia kwenye vali ya wazi kama bati ni bapa. Vilevile mgongo unalipa bati nafasi ya kutanuka bila kutuna.

#40 Bi Kenchi
Sahihi. Ila mgongo huo huo unashika vijiti. Chini ya mti utakuta kila kijiti kimelala kwa mshazari dhidi yake, na majani yamejipanga nyuma ya kijiti. Mzee Nyundo anasema bati linateleza. Linateleza kama hakuna kitu cha kujishikia.

#41 Nyundo Nzito
Kijiti unakiona ukiwa umesimama uani. Kwenye ya kufunga uchafu umejificha chini ya ukingo, huuoni mpaka dari iseme.

#42 Mwanafunzi wa Paa
Na vali ya kusuka je? Ninapojifunzia kuna fundi anasuka vigae vya pande mbili kwa zamu, kimoja cha kulia kimoja cha kushoto. Inapendeza.

#43 Bi Kenchi
Inapendeza kwa vigae vyepesi vya meno matatu, na pande zenye mwinamo sawa. Kwa vya tabaka mbili achana nayo. Ni vinene, havikai kwenye kona, vinabaki vimening'inia na uwazi chini. Siku mtu akikanyaga hapo, vinapasuka. Siku ya baridi vinaweza kupasuka hata wakati wa kuvikunja. Na pande zisipolingana kama hizi, safu hazikutani, utasuka nini?

#44 Fundi Kobe
Kuna mtindo wa haraka kuliko yote: unavusha upande wa kwanza, halafu badala ya kukata unalaza safu moja ya vigae kwa urefu wa vali, ukingo wake ukifuata mstari wa chaki, na vigae vya upande wa pili vinaishia juu yake. Hakuna kukata hata kimoja. Wengine wanauita wa California, wengine wa Long Island.

#45 Chaki Nyekundu
Wa haraka, ndiyo, na mstari wake ni mnyoofu. Lakini soma maelekezo yaliyochapishwa kwenye karatasi ya furushi la vigae. Watengenezaji wengine wanaukubali, wengine hapana, na asiyeukubali hatakusikiliza ukija na dhamana mkononi. Hilo ni kwa vali zote, si hii tu.

#46 Darini Kila Siku
Mjenga, na chini ya vali je? Watu wanabishana juu ya kona nzima na kusahau inapoishia. Lita hizo za Hesabu Tu zinafika kwenye gata kwenye nukta moja, kwa kasi, na zinaliruka. Zinapiga ukuta au fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Weka kizuizi kidogo cha bati kwenye kona ya gata pale vali inapomwaga. Nimekuta mbao za ukingo zimeoza na vali yenyewe haina kosa lolote.

#47 Mjenga Polepole
Hilo sikuwa nalo kabisa. Naliandika.

Kwa hiyo kama nimewaelewa: Nyundo, Hesabu na Msumari ni wa bati lenye mgongo. Bi Kenchi ni wa kufunga, upande wa 4 ukitangulia. Chaki anasubiri karatasi ya furushi. Kobe ana haraka.

#48 Hesabu Tu
Weka felti ya kunata kwa vyovyote. Hiyo ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeipinga humu.

#49 Fundi Kobe
Mimi naipinga. Nani atakuja kung'oa plaiwudi ikishashikana nayo, siku ya kuezeka upya?

#50 Bi Kenchi
Kobe, utang'oa pamoja na plaiwudi yake, vipande viwili vitatu. Heri hivyo kuliko kung'oa kenchi iliyooza.

#51 Nyundo Nzito
Na kusafisha, mwenye mti asitumie ile mashine ya maji ya shinikizo. Inakwangua punje, kwa ya wazi na ya kufunga sawa. Mashine ya upepo au fagio laini, kutoka juu kushuka. Ukifagia kupanda unayasukumia majani chini ya vigae.

#52 Mwanafunzi wa Paa
Swali la mwisho: vali inayoshuka na kugonga ukuta wa dohani badala ya kufika ukingoni, hiyo nayo ni wazi au kufunga?

#53 Bi Kenchi
Hiyo inatakiwa kwanza kijipaa kidogo nyuma ya dohani cha kuyagawa maji kushoto na kulia, halafu ndipo tuanze kugombana. Fungua uzi wake.

#54 Kaa la Moto
Na kiti changu nakihamishia huko.